Mlango Usio Kitufe

Klaudia alidhani kioo cha kompyuta kimechafuka, akakipangusa kwa upindo wa kitenge. Doa halikutoka. Lilikuwa jekundu, limekolea katikati na kufifia pembeni kama kovu la moto, nalo lilikaa palepale, juu ya mlango wa nyumba ya wakwe zake.

Picha aliipiga mwenyewe kule Buganguzi: njia nyembamba inapita kati ya migomba, nyumba ya bati kuukuu, mlango wa mbao uko wazi, na kushoto makaburi mawili meupe ya babu na bibi wa mume wake. Sasa picha hiyo ilikuwa tangazo la kampuni ya mabati. Mtu anasoma habari za mpira kwenye simu, mara kidirisha kinachomoza mbele ya macho yake: *Kwenu kunakungoja.* Akikibofya, anatua kwenye ukurasa wenye picha ya kibanja, yaani lile shamba la migomba lenye nyumba, chini yake bei ya mabati kwa herufi nene, na chini kabisa kitufe cha kijani cha kuagizia. Kazi ya Klaudia ilikuwa kuuandika ukurasa huo, na kuhakikisha wanaotua wanakibofya kile kitufe. Kwa kila watu mia waliotua, walikibofya wawili. Dada Annastella, mwenye ofisi ya matangazo huko Dar es Salaam, alitaka wafike kumi.

Ndipo asubuhi hiyo Klaudia akafungua ramani ya vidole, chombo kinachoonyesha mahali watu walipogusa ukurasa. Palipoguswa sana huwa pekundu. Kitufe cha kijani kilikuwa hakina hata wekundu wa aibu. Mlango ndio uliokuwa unawaka.

Lakini mlango haukuwa kitufe. Ulikuwa picha tu. Ukiugusa, hakitokei kitu. Watu wa Mwanza, wa Tabora, wa Kampala, wa Maskati, wa miji ambayo Klaudia hakuweza kuyatamka majina yake, walikuwa wameugusa mlango wa Ta Privatus, baba mkwe wake, wakangoja, wakaugusa tena.

"Dastan! Njoo uone. Watu wanabisha kwenu."

Mumewe aliingia kutoka uani na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa fundi seremala. Chumba chao cha kupanga pale Kibeta, Bukoba, kilinuka mninga wakati wote.

"Kwetu wapi?"

"Buganguzi. Tazama."

Dastan aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Ni wangapi hao?"

"Ukiwaweka kanisani, parokia nzima wanaijaza na wengine wanabaki nje."

"Ajabu hii," alisema polepole. "Mimi natengeneza milango ya mbao, wateja wananikimbia. Wewe umetengeneza mlango wa picha, wanapanga foleni."

"Hata huku hawalipi."

"Basi sote wawili tunamfanyia kazi Mungu."

Wakacheka, na kicheko kikakatwa na sauti ya mwenye nyumba, Mama Josia, dirishani. "Nyie humo ndani! LUKU imeisha tena. Hiyo mashine yenu inakunywa umeme kama ng'ombe mwenye homa." Akachungulia. "Klaudia, mwanangu, mimi sisemi kitu. Ila kuku naye hukaa kutwa nzima, lakini anatotoa."

Klaudia alichukua simu, akatoka nje hadi kwenye mti wa mbuni ulio nyuma ya choo, mahali pekee ambapo mwenye nyumba hasikilizi, akampigia dada Annastella.

"Mdogo wangu," dada Annastella alisema baada ya kuelezwa, "umeokota dhahabu halafu unaniuliza ni nini? Geuza mlango uwe kitufe. Wakiugusa, waangukie kwenye fomu ya kuagiza. Basi! Hapo si kumi, ni thelathini."

"Dada, watu hawaugusi ule mlango ili wanunue."

"Wanaugusa ili iweje?"

Klaudia alitafuta neno. "Wanataka kuingia."

"Waingie dukani. Sikiliza, Klaudia. Jumatatu naketi na wenye mabati. Kiwango kikipanda, nakupa mkataba wa kudumu, na uhame hicho chumba. Kisipopanda, kuna kijana wa Morogoro ananipigia kila siku anataka nafasi yako, na Kiswahili chake si kibaya."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Klaudia kuliko yote.

*

Kabla hajagusa chochote, kundi la Wasap la ukoo lililipuka. Binamu mmoja wa Mwanza alikuwa ameangalia matokeo ya mechi, kidirisha kikamchomozea, akakibofya, akakutana ana kwa ana na makaburi ya babu yake yakiwa na bei chini yake. Akaupiga picha ukurasa huo na kuituma kundini: *Nani anauza kwa Ta Privatus? Bei hii hapa naiona kwa macho yangu.*

Katika nchi ile kibanja cha ukoo hakiuzwi kabla ukoo haujaambiwa, na kikiwa na makaburi hata kuambiwa hakutoshi. Hakuna aliyesubiri kusoma neno *mabati*. Wa Kahama alilia. Wa Bukoba mjini aliuliza kwa nini hakupewa yeye nafasi ya kwanza. Ta Kamala, kaka wa Ta Privatus na mkubwa wa ukoo, ambaye hajawahi kuandika chochote kwenye kundi zaidi ya salamu za Pasaka, alituma sauti yenye maneno matatu: "Aitwe Dastan. Jumamosi."

Jumamosi hiyohiyo ndiyo Ta Privatus aliyokuwa amepanga kumwonyesha mwanawe sehemu yake ya kibanja ili ajenge. Kwa Mhaya asiye na sehemu yake, hata kaburi lake ni la kupanga. Dastan alimpigia baba yake.

"Tata, mipaka bado utanionyesha?"

"Uje na mkeo," alisema Ta Privatus. Simu ikakatika.

*

Walikuwa wamekaa uani, wazee sita juu ya viti na mabenchi, wanawake juu ya mkeka. Klaudia alipiga magoti akasalimia kama ilivyo desturi. Ta Kamala alitazama juu ya kichwa chake, kwenye migomba, kana kwamba salamu imetoka huko. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kilipita mkono kwa mkono. Kilipofika kwa Dastan, jirani yake alikinyanyua juu kidogo akakipeleka upande wa pili. Dastan aliirudisha mikono yake mapajani. Ma Vestina, mama yake, aliona, akainamisha uso.

"Mbwenu, mukamwana, mkwe wetu," Ta Kamala alianza. Alikuwa karani wa ushirika enzi zake, na alizoea kusubiriwa. "Umepata mnunuzi?"

"Kibanja hakiuzwi, tata. Yanauzwa mabati."

"Mabati siyaoni. Naona kaburi la baba yangu, na chini yake naona shilingi."

Klaudia, ambaye maneno ndiyo chakula chake, alishusha macho hadi kwenye magoti yake.

"Nyumba zimejaa Bukoba nzima," aliongeza mzee mwingine. "Za ghorofa, za vigae. Ukaja kutuvua nguo sisi."

"Nilipiga picha nyingi, tata. Za ghorofa watu walizipita. Hii ndiyo waliyoifuata."

"Walifuata nini humu? Bati lenyewe lina kutu!"

Watu wakacheka, na Ta Privatus, mwenye bati, hakucheka. Ta Kamala alinyanyua mkono. "Mimi nimemaliza. Picha iondoke. Na Dastan asionyeshwe mpaka wowote. Anayefungulia watu asiowajua njia ya makaburini, kesho atawafungulia wenye mapanga. Asiyejua kutunza hapewi cha kutunza."

Ndipo Klaudia alipofanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Alifungua ule ukurasa kwenye simu yake, akasogea kwa magoti hadi mbele ya Ta Kamala, akampa kwa mikono miwili.

"Naomba uguse, tata. Popote unapotaka."

Ta Kamala aliisogeza simu mbali na macho yake, akaileta karibu, akaisogeza tena. Kidole chake kinene kilielea hewani. Kilipita juu ya bei. Kilipita juu ya kitufe cha kijani bila hata kusita. Kikashuka mlangoni. Aligusa, akangoja, akagusa tena.

Klaudia alimpa anayefuata. Naye aligusa mlango. Wa tatu, mlango. Mzee aliyelicheka bati aligusa mlango mara kadhaa, kwa ukucha, kama anayegonga kweli. Hakuna aliyewaelekeza na hakuna aliyemtazama mwenzake. Simu ilipofika kwa Ta Privatus hakuigusa. Aliitazama nyumba yake iliyokuwa kiganjani, kisha akageuka kuitazama ile iliyokuwa nyuma yake.

Klaudia aliweka kompyuta juu ya kigoda. "Sasa tazameni." Akawaonyesha ramani ya vidole, na doa jekundu. Halafu akafungua ramani ya dunia, ambapo kila anayetua ukurasani huonekana kama tone la mwanga. Tone liliwaka Mwanza. Likawaka Dodoma. Mawili yaliwaka Kampala kwa pamoja. Moja likawaka mbali kabisa juu kaskazini, katika nchi nyeupe isiyo na majina, likakaa.

"Hao ni akina nani?" Ma Vestina aliuliza kwa sauti ya kanisani.

"Watu, mama. Kila tone ni mtu ameshika simu. Sasa hivi, tukiwa tumekaa hapa. Wote wamefika mlangoni kwako."

Ma Vestina alifanya ishara ya msalaba. Matone yaliendelea kuwaka, mengine yakizimika, mengine yakizaliwa, na wazee walioujua ukoo wao hadi vizazi tisa nyuma waliinama juu ya kigoda, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kudhani kwamba njia ya kwao inaweza kupitwa na watu wengi kiasi hicho.

"Wakigusa," Ta Privatus aliuliza, "kunatokea nini?"

"Hakuna kitu, tata."

"Hakuna anayeitika?"

"Hakuna."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

Ta Privatus alisimama. "Wiki nzima watu wanabisha kwangu, na mimi nimekaa nalisha mbuzi?"

"Privatus, keti," alisema Ta Kamala, ingawa sauti yake ilikuwa imepungua. "Hao si watu. Ni alama za vidole."

"Kidole kina mwenyewe."

"Hawakujui!"

"Nani kakwambia mgeni lazima anijue? Baba yangu, huyu aliyelala hapa, alikuwa hamwachi hata mpita njia apite bila kuitikiwa. Leo watasemaje huko Kampala? Kwamba kwa Privatus kumekufa watu." Alimgeukia Klaudia. Alikuwa mkali kweli sasa, na ukali wake ulikuwa umehama mahali. "Wewe. Unaweza kuufanya uitikie?"

Klaudia angeweza kusema ndiyo na kunyamaza, lakini hakunyamaza. "Naweza. Lakini mkuu wangu ameagiza kitu kingine. Anataka wakigusa mlango wapelekwe kwenye bei."

"Mgeni akibisha kwako, wewe unamtajia bei?"

"Ndiyo kazi yenyewe, tata."

"Basi nimekusikia, na wewe nisikie. Mlango wangu ukiguswa, uitikie. Na bei iondoke miguuni pa wazee. Ukilifanya hilo, Jumatatu Dastan nitamwonyesha mipaka. Usipoweza, itoe picha yangu huko mrudi Kibeta mkapange." Akamtazama mkubwa wa ukoo. "Kamala, una neno?"

Ta Kamala alikuwa bado anaitazama ramani. "Huyu wa huku juu," alisema, akionyesha lile tone la kaskazini, "mbona hatoki?"

*

"Klau, na kazi?" Dastan alimnong'oneza nyuma ya jiko.

"Nikigeuza mlango kuwa kitufe, tutakuwa na kazi hatuna kwetu."

"Na usipogeuza?"

"Tutakuwa na kwetu hatuna kazi. Nishikie simu, natafuta mtandao."

Dastan alisimama kando yake, mrefu, ameinua simu juu kama mshumaa.

Ma Vestina ndiye aliyetakiwa kurekodiwa akiitikia, kwa kuwa ndiye mama wa nyumba ile. Alikataa. "Nitamkaribishaje mtu nisiyemwona uso?"

"Mwone hapa, mama. Huyu wa Tabora ndiyo kwanza amefika."

Ma Vestina alimtazama mtu wa Tabora. Alikitazama kitenge chake cha shambani, chenye madoa ya utomvu wa migomba. "Nisubiri," akasema, akaingia ndani. Alipotoka amevaa gauni la misa na kitambaa kichwani, Klaudia hakuthubutu kumwambia kwamba inachukuliwa sauti tu.

Alisimama mlangoni kwake, akakohoa.

"Nyegera, waitu. Nyegera. Ingieni. Hapa ni kwa Privatus. Mmetoka mbali? Kaeni kwanza mpumzike, kahawa ya kutafuna ipo, chakula hakiko mbali." Akanyamaza kidogo. "Nyumbani mmewaachaje? Hawajambo?"

Kisha akasubiri ajibiwe.

Alisubiri kama asubirivyo mtu yeyote aliyemuuliza mwenzake hali. Upepo ulipita kwenye majani ya migomba. Mbuzi alilia mahali. Ma Vestina aliitikia kwa kichwa polepole, kana kwamba ameambiwa jambo, halafu akasema, "Haya. Tunamshukuru Mungu."

Klaudia alisomea kukata. Diploma yake yote ilikuwa ya kukata: neno la ziada, pumzi ya ziada, ukimya unaomfanya msomaji aondoke. Alikisikiliza kile kimya mara mbili, kidole kikiwa tayari. Akakiacha kilivyo. Aliitoa bei kwenye ukurasa, akaificha nyuma ya kitufe cha kijani kwa atakayeitaka, akaiweka sauti ya Ma Vestina mlangoni, na akaurusha ukurasa mtandaoni.

*

Jumatatu mchana dada Annastella alipiga.

"Umenifanyia nini?"

Klaudia alitoka hadi pembeni ya migomba. Kwa mbali aliwaona Ta Privatus na Dastan wameinama, wanachimbia mpakani miche ya mlamula, mmea wa kuwekea mipaka. Ta Kamala alikuwa amesimama kati yao na fimbo, akibishana kuhusu mstari.

"Kiwango kimefika wapi, dada?"

"Kiwango kimekufa! Sifuri! Hakuna anayekigusa kitufe. Wanagusa mlango, wanamsikiliza mama, wanakaa. Unanielewa? Wanakaa! Watu huwa hawakai kwenye kurasa zetu hata muda wa kupiga chafya. Hawa wanamsikiliza mpaka pale anapouliza habari za nyumbani, anaponyamaza, na hapo ndipo hakuna hata mmoja anayetoka. Mpaka amalize. Halafu wanagusa tena." Akavuta pumzi. "Mimi nilitaka duka, Klaudia. Umenijengea sebule."

"Najua."

"Wenye mabati wamekasirika. Saa kumi nauzima ukurasa. Na wewe na mimi tumefika mwisho, siwezi kujitetea mimi na kukutetea wewe kwa pamoja."

"Najua, dada."

Dada Annastella hakukata simu. Ilisikika honi ya gari huko Dar, na mlango wa ofisi ukifungwa.

"Huyo mama," alisema hatimaye, "yupo kweli?"

"Yupo. Anamenya ndizi."

"Nimemjibu," dada Annastella alisema. "Nilikuwa peke yangu ofisini, nikamjibu kwa sauti. Sijui hata kwa nini nakwambia." Akakata.

Klaudia alirudi uani na kuketi mkekani kando ya mama mkwe wake. Kompyuta ilikuwa juu ya kigoda. Tangu Jumamosi Ma Vestina hakuruhusu ifungwe, na majirani walishaacha kushangaa. Alimenya ndizi huku akiangalia ramani, na kila tone lilipowaka aliinua uso na kisu mkononi. "Nyegera," alisema. "Nyegera, waitu." Klaudia alikuwa amemweleza kwamba sauti yake tayari inawaitikia. Ma Vestina alisema hilo ni jambo jema, na akaendelea.

Saa kumi matone yote yalizimika kwa mpigo.

Ma Vestina aliweka kisu chini. "Wamekwenda?"

"Ukurasa umefungwa, mama. Hawatakuja tena."

"Wote? Kwa pamoja hivyo?"

"Wote."

Mama mkwe aliinuka, akapangusa mikono, akaitengeneza kanga yake kiunoni. Alishika njia ya kati ya migomba, ile nyembamba iliyokuwa pichani, akitembea upande mmoja wa njia kama unavyotembea ukiwa na mtu kando yako. Klaudia alitaka kumwita, akaona haya, akaifunga kompyuta, akamfuata. Walipita makaburi. Walipita mche wa mlamula uliochimbiwa mchana huo, udongo wake bado mbichi, unaosema kwamba kuanzia hapo ni kwa Dastan na Klaudia. Wakatokea barabarani.

Ma Vestina alisimama, akatazama barabara upande wa Muleba mjini, kisha upande wa pili. Mtu mmoja alikuwa anakuja akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi.

"Ma Vestina! Mnamsindikiza nani?"

"Wageni."

Mtu yule aligeuka kutazama alikotoka. "Mbona sijakutana nao?"

Ma Vestina alibaki akitazama mbali, mkono ukiwa juu ya macho, na Klaudia naye alijikuta ameinua mkono wake vivyo hivyo.

"Walikuwa wengi," Ma Vestina alisema. "Walikuwa wengi sana."